Tumbo Moja, Shule Mbili

Wiki ya pili ya Januari, mafundi wa masanduku ya bati mjini Eldoret hawapati hata nafasi ya kunywa chai. Sanduku likishanunuliwa na komeo kujaribiwa mara mbili tatu, fundi huchovya brashi nyembamba kwenye rangi nyeupe na kuuliza maswali mawili: jina la mwanafunzi na jina la shule. Mzazi mwenye mtoto mmoja hujibu, akasimama kando kusubiri rangi ikauke. Mwenye wawili hutaja jina la ukoo mara moja, kisha akalazimika kutaja shule mbili, moja Kapsabet na nyingine, tuseme, Kikuyu. Fundi huinua uso. Ni mapacha? Ndiyo. Na hawakuitwa pamoja? Hawakuitwa pamoja.

Swali hilo lilipata uzito mpya Januari ya 2026, kundi la kwanza la Gredi ya 10 lilipoitwa shule, katika mitaa kama Pioneer, kusini mwa jiji, jirani na Langas na Elgon View katika eneobunge la Kapseret. Ni mtaa wa watu waliotoka kila upande: Wakalenjin wa Uasin Gishu na Nandi, Waluhya, Wakikuyu, Wajaluo, Wakisii. Kuna walimu, wauguzi, wenye maduka na waendesha bodaboda. Lugha za nyumbani ni nyingi, lakini Desemba inapofika habari huwa moja: mtoto ameitwa wapi?

Mwaka huu jibu liliwashtua wengi kwa sababu watoto wenyewe walikuwa hawajawahi kutenganishwa. Mtaala wa umilisi ulipoenezwa nchini kote mwaka 2019, watoto hawa walikuwa Gredi ya 3. Mwishoni mwa 2022 walifanya KPSEA, tathmini ya mwisho wa Gredi ya 6, na familia nyingi zikajiandaa kuwahamishia watoto wa Gredi ya 7 katika shule za upili. Ndipo jopo la Rais la mageuzi ya elimu, likiongozwa na Profesa Raphael Munavu, likapendekeza sekondari msingi ibaki ndani ya shule za msingi. Januari 2023 watoto wakabaki palepale. Matokeo yake ni kwamba ndugu wanaosoma shule ya umma wanaweza kupita lango moja kuanzia chekechea hadi Gredi ya 9, yaani tangu umri wa miaka minne hadi kumi na tano hivi. Mkubwa humshika mdogo mkono wakivuka barabara. Aliyesahau kalamu humkimbilia nduguye darasa la jirani. Adhabu ya mmoja hufika nyumbani kabla yake, maana msimulizi yuko palepale.

Kisha, kwa siku moja, kompyuta ikawatawanya.

Matokeo ya KJSEA, mtihani wa mwisho wa Gredi ya 9 na wa kwanza wa aina yake, yalitangazwa na Waziri wa Elimu Julius Ogamba tarehe 11 Desemba 2025. Watahiniwa walikuwa zaidi ya milioni moja na laki moja. Kila mmoja alipimwa katika masomo tisa, na kila somo lina ngazi nane za ufanisi, hivyo alama za juu kabisa ni 72. Mtihani wenyewe ulibeba asilimia 60 ya alama za kumpangia mtoto shule, KPSEA asilimia 20, na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 zikachukua asilimia 20 iliyosalia. Mwanafunzi alikuwa ameshachagua shule 12 kulingana na mkondo anaoutaka: Sayansi na Teknolojia, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo. Kati ya hizo, tisa zilikuwa za bweni na tatu za kutwa, karibu na nyumbani. Mfumo ukachanganya alama, chaguo, usawa na nafasi zilizopo, ukatoa jina la shule moja.

Katika vigezo vilivyotangazwa, hakuna kilichouliza kama mwanafunzi ana pacha, wala kama dada yake tayari yuko katika shule aliyoiomba. Kila mtoto aliingia kwa nambari yake ya mtihani na akatoka kwa nambari yake. Machoni pa mfumo hakuna familia. Hakuna aliyekusudia ubaya hapo, lakini ni pengo, na gharama yake inalipwa nyumbani.

Kabla ya kulalamika, inafaa kutenganisha aina za utengano, kwa sababu si zote zinauma sawasawa na si zote zina tiba.

Ya kwanza ni ya kaka na dada. Shule nyingi za bweni zenye majina makubwa Kenya ni za jinsia moja tangu enzi za wamisheni na ukoloni. Alliance ya wavulana ilifunguliwa Kikuyu mwaka 1926, na Alliance ya wasichana ikafuata mwaka 1948. Kwa mzazi wa Pioneer, pacha wa kike akiitwa Moi Girls Eldoret, ndani ya jiji, na wa kiume akaitwa Kapsabet Boys, kilomita 45 hivi kutoka nyumbani, hiyo si bahati mbaya hata kidogo. Ni watoto wawili walio umbali wa matatu moja. Mtoto wa kike na wa kiume waliotaka kukaa pamoja walipaswa kuchagua shule ya mseto, na nyingi za shule hizo ni za kutwa. Familia nyingi huligundua jambo hili barua zikishatoka.

Ya pili ni ya mkubwa na mdogo. Hapa kuna jambo la kalenda ambalo wazazi wengi hawakulitarajia. Kidato cha Kwanza cha mwisho cha mfumo wa zamani wa 8-4-4 kiliingia Januari 2024, baada ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kufanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Mwaka 2025 hakuna darasa jipya lililoingia shule za upili. Januari 2026 ikaingia Gredi ya 10. Kwa hiyo mwaka huu shule moja ina Kidato cha Tatu, Kidato cha Nne na Gredi ya 10, na kaka aliye Kidato cha Tatu anasoma kwa vitabu ambavyo mdogo wake hatavifungua kamwe. Hata ndugu wakibahatika kuitwa shule moja, sare inaweza kufanana, bweni linaweza kuwa lilelile, lakini daftari la kemia la mkubwa haliwezi kurithiwa. Ule msaada ambao zamani ulikuwa sababu kuu ya kumtaka mtoto amfuate nduguye umepungua kwa kipindi hiki, hadi kundi la mwisho la 8-4-4 lifanye KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili, mwaka 2027. Mzazi anayehangaika kumhamisha mdogo ili afuate vitabu vya kaka yake anafukuza faida ambayo kwa sasa haipo.

Ya tatu ndiyo ngumu: mapacha wa jinsia moja, darasa moja, walioandika shule zilezile na bado wakatengana. Katika jamii za eneo hili mapacha huzaliwa na majina yanayokwenda wawili wawili. Mjaluo ana Opiyo na Odongo, Mbukusu ana Mukhwana na Mulongo, na atakayeitwa kwa jina moja huulizwa papo hapo mwenziwe yuko wapi. Hawa wamefika Gredi ya 9 bila kujua maana ya kulala chumba tofauti. Alama moja ikizidi, nafasi ya mwisho ya shule inamwendea mmoja, naye aliyebaki anashuka hadi chaguo la tano au la nane. Tofauti kati yao inaweza kuwa mafua aliyougua mmoja asubuhi ya karatasi ya hisabati. Wiki kadhaa baadaye tofauti hiyo imegeuka kilomita 300.

Mwishoni mwa Desemba, wizara ilifungua dirisha mtandaoni la kuomba kubadilishiwa shule. Maombi yalifika malaki. Wengi walikubaliwa, wengi pia wakakataliwa, na sababu ya kukataliwa ilikuwa ileile: shule wanayoitaka imejaa. Wazazi wa mapacha walipanga foleni pamoja na wazazi wa watoto waliopelekwa shule wasizozichagua na wale waliopata mkondo wasioutaka. Foleni hiyo haikuwa na njia ya pembeni kwa ajili yao.

Uchungu wa kwanza wa nyumba yenye barua mbili ni wa fedha, na unahesabika. Karo rasmi ya shule za bweni za daraja la C1, zile zilizoitwa za kitaifa, ni Sh53,554 kwa mwaka. Kwa wawili ni Sh107,108. Mwongozo wa wizara unataka asilimia 50 ilipwe muhula wa kwanza, 30 wa pili na 20 wa tatu. Ukipiga hesabu, mzazi wa watoto wawili anatakiwa Januari awe na Sh53,554, yaani karo ya mwaka mzima ya mtoto mmoja, kabla hajanunua kitu chochote kilichoandikwa kwenye barua ya kujiunga. Hapo angalau shule moja au mbili hazileti tofauti.

Tofauti inaanza chini ya karo. Shule mbili maana yake ni sweta za rangi mbili, nembo mbili, wakati mwingine maduka mawili tofauti ya sare. Barua moja inataka godoro la kipimo hiki, nyingine la kipimo kile, na lile godoro la bei ya jumla alilolenga baba halifai tena. Kuna nauli za safari mbili zisizoelekea upande mmoja. Mwaka huu, Gredi ya 10 ilianza kuripoti nchini kote tarehe 12 Januari. Kutoka steji ya Eldoret hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 300, na mtu aliyempeleka mtoto Kikuyu, karibu na Nairobi, asubuhi hiyo hawezi kumpeleka mwingine Kapsabet mchana. Mama huenda huku, baba huku. Nyumba ya mzazi mmoja, na nyumba hizo ni nyingi, inabidi iazime mtu: mama mdogo, mjomba, jirani anayepeleka wake.

Hapo ndipo maumivu ya pili yanapoingia, na haya hayana risiti. Nani anampeleka nani? Mtoto anayesindikizwa na mama mzazi hadi kwa mwalimu wa bweni, na mwenziwe anayekabidhiwa kwa mjomba, wote watakumbuka. Vivyo hivyo siku za wageni. Shule nyingi za bweni huruhusu wazazi kutembelea mara moja tu kwa muhula, mara nyingi mwishoni mwa wiki, na siku za shule mbili huweza kugongana. Familia zinazoliendesha jambo hili vizuri hupokezana: muhula huu mama anaenda kwa huyu na shangazi kwa yule, muhula ujao wanabadilishana, na watoto wanaambiwa mpango huo mapema. Hapo mtoto anayepata shangazi hahesabu kwamba amenyimwa mama. Anahesabu kwamba zamu yake inakuja.

Lakini jambo linaloharibu undugu kuliko umbali na kuliko fedha ni upangaji wa watoto kwa jina la shule. Barua ya aliyeitwa shule kubwa hupigwa picha na kutumwa kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo. Ya mwenziwe hukunjwa na kuwekwa juu ya kabati. Wageni wanampongeza mmoja, kisha wanamgeukia wa pili na kumwambia atie bidii, kana kwamba amefeli. Hajafeli. Ameitwa shule, ana nafasi, ana mkondo. Wazazi hawaoni kuwa wanapanga watoto. Wao wanaona wanasherehekea. Sherehe ya mmoja mbele ya mwenziwe ni hukumu kwa yule wa pili, na inatolewa sebuleni kwao.

Wanaoamini kwamba jina la shule litaamua maisha ya mtoto wana utafiti wa kuwatuliza, tena uliofanywa Kenya. Wachumi Adrienne Lucas na Isaac Mbiti walichapisha mwaka 2014 uchunguzi kuhusu shule za kitaifa. Waliwalinganisha wanafunzi waliopita kizingiti cha kuingia shule hizo kwa alama chache na wale waliokikosa kwa alama chache, yaani watoto ambao uwezo wao ulikuwa karibu sawa. Kwa kuwa waliokosa walikwenda shule za ngazi ya chini, ilitarajiwa wangeachwa mbali katika KCSE. Tofauti iliyopatikana ilikuwa ndogo mno, kiasi kwamba waandishi hawakuona ushahidi wa maana kuwa shule ya kitaifa yenyewe ndiyo inayoinua alama. Zile alama nzuri za shule kubwa zinatokana kwa sehemu kubwa na watoto wazuri wanaoingia humo.

Utafiti huo uliuhusu mfumo wa zamani, na shule kubwa hutoa vitu ambavyo mtihani haupimi: marafiki, maabara, viwanja, jina la kutaja unapotafuta kazi. Hata hivyo unafaa kusomwa na mzazi wa mapacha waliotenganishwa na alama moja au mbili, kwa sababu unawahusu watoto wa aina hiyohiyo: waliosimama pande mbili za mstari mwembamba. Kwa watoto hao, mstari hauna uzito unaopewa kwenye sherehe.

Na kutengana kwenyewe, kunaharibu mtoto? Wataalamu wamelichunguza swali hili zaidi kwa mapacha walio katika madarasa tofauti ya shule moja. Nchini Uingereza, utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulifuatilia mapacha wa miaka mitano wanaoanza shule. Waliotenganishwa mapema walionekana na walimu kuwa na wasiwasi na huzuni zaidi, hasa wale wanaofanana kabisa. Mwaka 2018 utafiti mkubwa zaidi wa mapacha wa Quebec, Canada, na wa Uingereza, wenye umri wa miaka 7 hadi 16, haukuona karibu tofauti yoyote katika maendeleo yao ya masomo kati ya waliokaa pamoja na waliotenganishwa. Ukiyasoma matokeo hayo kwa pamoja, mtoto mdogo humhitaji pacha wake zaidi, na kijana wa miaka kumi na tano anaweza kusimama peke yake. Bweni lililo kaunti nyingine ni mbali kuliko darasa jingine kwenye korido moja, kwa hiyo mzazi asiyatumie matokeo haya kumnyamazisha mtoto anayelia. Ayatumie kupunguza hofu yake mwenyewe, maana hofu ya mzazi ndiyo mtoto anayoisoma kwanza.

Historia ya Kenya ina mifano ya pande zote mbili. Iten, kilomita 35 hivi kutoka Eldoret, kuna St Patrick's, shule ambayo Bruda Colm O'Connell kutoka Ireland alifika kufundisha mwaka 1976 na kuigeuza kitalu cha wanariadha. Miongoni mwa vijana wake wa mwanzo walikuwa mapacha Charles na Kipkoech Cheruiyot. Walikimbia pamoja wakiwa vijana, na kila mmoja akapata njia yake: Charles alifika fainali ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, na Kipkoech akafika fainali ya mita 1,500 huko Seoul mwaka 1988. Ukimtafuta mtu wa kutetea kwamba mapacha wakae pamoja, mfano ndio huo. Kila siku ya mazoezi kila mmoja alikuwa na mwenzake wa kushindana naye.

Upande wa pili yuko Wangari Maathai. Alianza shule ya msingi ya Ihithe, Nyeri, kwa sababu kaka yake mkubwa Nderitu aliuliza nyumbani kwa nini dada yao hasomi kama wao, na mama yao akakubali. Kwa hiyo aliingia darasani akifuata njia ya kaka zake. Akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja akaenda bweni la St Cecilia's katika misheni ya Mathari, shule ya wasichana, na baadaye Loreto Limuru. Kaka hakuweza kwenda naye huko. Msaada wa Nderitu haukuwa wa kukaa darasa moja na dada yake. Ulikuwa wa kuuliza swali moja kwa wakati wake, na swali hilo lilibadilisha maisha ya mtu aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Ndugu anaweza kuwa na kazi kubwa katika elimu ya nduguye bila kukaa naye dawati moja.

Kazi hiyo inahitaji njia ya mawasiliano, na hapo familia za Pioneer zina kikwazo cha wazi: wanafunzi wa bweni hawaruhusiwi kubeba simu. Mtoto humpigia mzazi kwa zamu, dakika chache, kupitia simu ya shule. Mapacha walio shule mbili hawawezi kupigiana kabisa. Kinachobaki ni barua, na inashangaza jinsi barua ya karatasi inavyofaa kwa kazi hii. Vijana hawa walifundishwa kuandika barua ya kirafiki darasani, wakapewa alama, wakaisahau. Bahasha mbili zenye stempu ndani ya kila sanduku, na anwani ya shule ya pili imeandikwa tayari, zinatosha kuanzia. Mama akienda siku ya wageni Kapsabet, abebe barua iliyotoka kwa mwenziwe. Mtoto atamwandikia pacha wake jambo ambalo hawezi kulisema kwenye simu ya ofisini mwalimu akiwa amesimama mlangoni.

Kalenda nayo inasaidia. Likizo ya katikati ya muhula hupangwa na wizara kwa shule zote, kwa hiyo wote hurudi siku zilezile. Siku hizo chache zisiliwe na masomo ya ziada na matanga ya ukoo. Wapewe nafasi ya kukaa wao kwa wao, hata kama watakaa wakibishana ni shule ya nani yenye githeri mbaya zaidi.

Nyumbani nako kuna aliyeachwa. Mdogo wao wa Gredi ya 4 aliyezoea kuandamana na wakubwa sasa anatembea peke yake, na kazi za wawili zimemwangukia mmoja: kuchota maji, kulisha kuku, kutumwa dukani. Katika msukosuko wa masanduku, huyu hasemwi. Wazazi wanaomkumbuka humtafutia mwenzake wa kutembea naye kutoka nyumba ya jirani kabla shule hazijafunguliwa, na humruhusu naye aandike mstari wake kwenye kila barua.

Haya yote ni kuzoea. Lakini yapo ambayo si lazima kuyazoea, kwa sababu kwingine yametatuliwa. Nchini Uingereza, kanuni za kuandikisha watoto huruhusu shule iliyojaa kumpa kipaumbele mtoto mwenye ndugu shuleni humo. Tangu 2012, ikiwa pacha mmoja amepata kiti cha mwisho katika darasa la watoto wadogo lenye kikomo cha 30, wa pili anaweza kuingia hata kama kikomo kitavukwa. Chile, ambayo ilianza mfumo wake wa kompyuta wa kupanga shule mwaka 2016 katika jimbo la Magallanes kisha ikaueneza nchini kote, ina kipaumbele cha ndugu na njia ya familia kuomba kwa pamoja, ambapo mzazi hutangaza kwamba angependa watoto wake wawekwe shule moja hata kama si ile ya juu kabisa kwenye orodha. Kompyuta inaweza kujua ukoo. Inategemea imeulizwa nini.

Kenya ina karibu kila kitu kinachohitajika kuiuliza. Wanafunzi husajiliwa kwenye mfumo wa wizara kwa kutumia cheti cha kuzaliwa, na cheti hicho kina jina la mama na tarehe. Mapacha wana mama mmoja na tarehe moja. Kisanduku kimoja kwenye fomu ya kuchagua shule, cha mzazi kutia alama kwamba watahiniwa hawa wawili wawekwe pamoja wakitoshea wote, hakimnyang'anyi mtoto mwingine nafasi kwa sifa asizonazo. Aliye na alama za juu ndiye angeshuka kumfuata mwenziwe, kwa hiari ya familia, na kiti chake kikamwendea mwingine. Kwa mapacha ambao mmoja anataka fizikia na mwingine muziki, kisanduku kingeachwa wazi, na hiyo nayo ni haki yao. Katiba, Kifungu cha 53, inasema maslahi ya mtoto ndiyo yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Kuandika kisanduku hicho kungekuwa njia rahisi ya kulitii neno hilo, na wizara inapaswa kufanya hivyo kabla ya kundi lijalo kuchagua.

Hadi hapo, uamuzi uko kwenye fomu yenyewe, na fomu hujazwa mapema, miezi mingi kabla ya Desemba ya machozi. Hapo ndipo mzazi ana nguvu. Watoto waulizwe kila mmoja peke yake kama wanataka kuwa pamoja, maana pacha mmoja anaweza kutamani nafasi yake na akaogopa kulisema mbele ya mwenziwe. Wakitaka kuwa pamoja, waandike shule zilezile kwa mpangilio uleule na mkondo uleule, na wachague zile zenye nafasi nyingi badala ya kurundika majina manne ambayo nusu ya nchi inayataka. Zile shule tatu za kutwa ziandikwe kwa makini, zisijazwe tu kwa kuwa fomu inataka. Shule ya kutwa ya karibu na Pioneer ndiyo chaguo pekee lenye uwezekano mkubwa wa kuwarudisha wawili nyumbani jioni ileile, na mzigo wake wa karo ni mwepesi zaidi, kwa kuwa serikali hugharamia masomo kwa ruzuku ya Sh22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka na mzazi hubaki na chakula cha mchana na sare. Mwalimu wa Gredi ya 9 aambiwe waziwazi kwamba hawa ni ndugu, kwa sababu shuleni ndiko machaguo huingizwa kwenye mfumo, na kosa la nambari moja ya shule halitarekebishwa kirahisi dirisha likishafungwa.

Kundi la pili la KJSEA, watoto wa Gredi ya 9 mwaka huu, wako darasani sasa hivi, na fomu zao ziko njiani.